Nusu kwa Siku za Kazi

Habari hii niliipata kwa mpiga pasi wa karakana ya sare za shule, mwaka jana, wiki ile alipoungua kiganja akaja kukaa kwangu siku nne mpaka lengelenge likauke. Mkono mmoja aliuweka kwenye bakuli la maji baridi, wa pili ukinisaidia kuchambua maharage. Alianza kusimulia akicheka. Alipofika mwisho, hakuna kati yetu aliyekuwa akichambua kitu.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu chenye cherehani kumi na moja, safu mbili, na meza ya kukatia katikati. Feni ni moja, inazunguka inapokumbuka. Mwisho wa chumba, karibu na mlango wa nyuma, ndipo alipo mpiga pasi na blanketi lake lenye madoa ya kuungua. Cherehani iliyo jirani naye ilikuwa ya mwanamke mmoja mwembamba, fundi wa matundu ya vifungo, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi hata tundu lake huwezi kulitofautisha na la kiwandani. Na chini ya cherehani hiyo, ndani ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, alilala mtoto wake wa kike.

Karakana ilikuwa na sheria moja kubwa: mtoto haingii. Mwenye mali, mwanamke ambaye wote walimwita Tajiri ingawa viatu vyake vilikuwa na viraka, aliwahi kumrudisha fundi mlangoni na mapacha wake wawili. Lakini huyu mmoja alipita, kwa sababu hakuwa na habari na mtu. Cherehani kumi na moja zikinguruma, yeye hata kope hachezeshi. Mchana mama yake humpiga piga nyayo ili aamke anyonye, naye husinzia tena titi likiwa mdomoni. Ndipo wakamwita Bi Kimya, na mama akawa Mama Kimya.

"Shoga, ulikula nini ulipokuwa na mimba?" walimuuliza. "Tuambie na sisi tule. Wa kwangu anapiga kelele kama dalali wa mnada."

"Kamfuata baba," yeye alijibu, huku akikata uzi kwa meno. "Baba yake mlinzi wa ghala. Kwetu mchana ndiyo usiku. Mtoto kazaliwa anajua mzee kalala."

Na kweli nyumba yao, chumba kimoja chenye pazia katikati, ilijengwa juu ya ukimya wa mtoto yule. Baba alirudi asubuhi, akalala mpaka alasiri, akaenda kazini macho makavu. Mama alishona kutwa. Kila mmoja alipata riziki yake, na aliyewawezesha wote wawili alikuwa kiumbe wa miezi minane asiyejua kukaa.

*

Aliyeona ni nesi wa kupima uzito. Alimgeuza mtoto huku na huku, akamtazama ulimi uliotokeza nje, kitovu kilichovimba kama kidole gumba, ngozi kavu na mikono ya baridi.

"Choo anapata?"

"Baada ya siku nne, tano. Si msumbufu."

"Akilia, sauti ikoje?"

Mama alifikiri. "Nzito. Kama mtu mwenye mafua. Lakini halii sana, nesi. Ni mpole."

Damu ikachukuliwa. Majibu yaliporudi, daktari wa watoto, msichana mwenye sauti ya taratibu, alimwonyesha kwa kidole hapa chini ya koo. "Hapa kila mtu ana tezi. Ndiyo inayouamsha mwili na kuukuza, pamoja na ubongo. Ya mwanao haifanyi kazi sawasawa tangu tumboni. Huu si upole, mama. Ni ugonjwa."

Dawa ilikuwa kidonge kidogo kuliko kifungo cha shati. Kisagwe, kichanganywe na maji ya kijiko, apewe asubuhi kabla hajanyonya, kila siku ya maisha yake. Walianza na nusu. Baada ya miezi miwili daktari alipima tena, akaandika kizima.

Basi mwili ukaamka. Uvimbe wa uso ukashuka, mtoto akaonekana kumbe ana shingo. Choo kikawa cha kila siku. Ulimi ukarudi ndani. Akajua kukaa, akajua kugeuza kichwa anapoitwa. Na siku moja asubuhi, wakati Tajiri anahesabu marobota ya sare, ndani ya kikapu kikatoka kilio chembamba, kikali, cha kukata masikio.

Cherehani zote zikasimama.

"Nani huyo?" akauliza fundi wa kola.

"Bi Kimya!" mpiga pasi akapiga kigelegele. "Ana sauti! Jamani, kumbe ana sauti!"

Siku ya kwanza walimpigia makofi. Siku ya pili walitabasamu. Siku ya tatu mtoto alitambaa mpaka kwenye meza ya kukatia, akavuta ncha ya kitambaa, na chaki zote zikamwagika. Tajiri alivua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la gauni.

"Mama Kimya."

"Abee, Tajiri."

"Jina la mtoto lile nani alimpa?"

"Ni nyinyi wenyewe hapa."

"Basi limemkataa. Mimi nilimkubali Kimya. Huyu simjui." Akavaa miwani. "Msimu wa sare unaanza. Shule tatu zinanisubiri mimi. Nisisikie."

*

Nyumbani nako hali ikawa ile ile. Jumapili mlinzi alijilaza saa mbili asubuhi, saa mbili na nusu akakaa kitandani macho mekundu.

"Mama nanihii, mtoto ana nini?"

"Amepona."

"Kupona gani huku? Juzi msimamizi kanikuta nimesinzia getini. Kaniambia akinikuta tena, kofia niikabidhi." Akajifunika mto kichwani. Chini ya mto akasema, "Alikuwa mzuri kabla ya hiyo dawa."

Neno likishatoka halirudi mdomoni.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kutoka, Mama Kimya alikishika kidonge katika kiganja. Alikuwa na wembe wa kufumulia mishono, ameufunga uzi upande mmoja usimkate. Akakiweka kidonge juu ya kibati cha pini, akakikata katikati, mkato mmoja ulionyooka kama afanyavyo kwenye tundu la kifungo. Hakikumeguka hata chembe.

Nusu si aliiandika daktari mwenyewe mwanzo? Nusu haikumuua. Na sare ni miezi miwili tu, mitatu ikizidi. Jumapili atampa kizima. Nusu kwa siku za kazi, kizima kwa siku ya mapumziko. Hivyo ndivyo alivyojipangia, kama mtu anayepunguza sketi kiunoni ili mtoto akinenepa aiachie. Nusu iliyobaki akaifunga kwenye karatasi, akaiweka ndani ya kibati cha pini. Hakuitupa. Asingetupa dawa ya mwanawe.

Wiki za mwanzo hakikubadilika kitu. Wiki ya tano mtoto hakutambaa tena mbali. Wiki ya nane alirudi kulala mpaka mchana.

"Hee!" mpiga pasi alichungulia kikapuni. "Bi Kimya karudi! Karibu tena, bibi, tulikukosa."

Mafundi wakacheka. Tajiri akapita, akatazama, akaweka robota la pili juu ya meza ya Mama Kimya. "Hizi ni za shule ya mwisho. Nakuachia wewe, mkono wako naujua." Ilikuwa ni sifa ambayo mafundi wengine wangeililia. Mama Kimya alisema asante, akainama kuchomeka uzi kwenye sindano, na mpiga pasi akaona uzi umepita pembeni mara tatu. Mkono ule ulikuwa haujawahi kukosa tundu la sindano.

Mama alipoinama kumfunika mtoto, alimshika mguu. Ulikuwa wa baridi. Akauachia haraka, kama aliyeguswa na pasi.

*

Kliniki walimpangia tarehe ya mwezi wa kumi na tano wa mtoto. Damu ilichukuliwa wiki moja kabla, siku hiyo akaja kusikiliza majibu. Daktari alisoma karatasi, akairudia kuisoma.

"Majibu hayanifurahishi, mama. Dawa anapata kila siku?"

"Kila siku."

"Asubuhi, kabla ya kunyonya?"

"Kabla."

"Hujawahi kuruka?"

"Hata siku moja."

Kila neno peke yake lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Daktari akakuna paji la uso. "Alikuwa anatambaa, sasa hatambai. Basi kizima hakimtoshi. Tutampandisha, kimoja na nusu. Urudi baada ya wiki sita."

Akaandika. Mama akapokea karatasi kwa mikono miwili, kama mtoto wa shule anayepewa barua ya kupeleka nyumbani.

Kwenye dirisha la dawa, mtoa dawa, mwanamume mwenye kalamu sikioni, alisoma akarudia kwa sauti. "Kimoja na nusu. Usijizidishie mwenyewe, mama, umesikia? Dawa hii ikizidi kipimo moyo wa mtoto unakwenda mbio. Inataka kile kile kilichoandikwa."

"Na kikipungua?"

"Kikipungua ni bure umekuja."

Alitoka na bahasha. Alifika getini. Daktari amepandisha juu ya kizima, na kizima mtoto hakukinywa. Akifuata karatasi, atampa mwanawe dawa iliyopimwa kwa uongo. Akiirudia nusu, mtoto atalala mpaka shule ianze na wenzake wamruke. Hapakuwa na njia ya tatu isipokuwa kurudi kule alikotoka.

Akarudi kwenye korido. Benchi zimejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni.

"Nina neno moja tu na daktari."

"Sote tuna moja moja," akajibiwa. "Foleni ina mkia, mama. Ushike."

Akaushika mkia. Saa nne ikawa saa saba. Ajuza mmoja pembeni yake alimtazama mtoto aliyelala mapajani, mdomo wazi, ulimi ukichungulia.

"Mwenzetu umejaliwa," ajuza akasema. "Mtoto mpole hivi. Hakusumbui."

Machozi yalimdondoka Mama Kimya moja moja juu ya nguo ya mtoto, naye mtoto hakuamka.

Alipoingia, daktari alikuwa ameshika chupa ya maji, hajaifungua. "Umesahau nini?"

"Nampa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya kidonge. Jumapili tu ndiyo kizima. Tangu sare zianze, miezi mitatu."

Daktari aliiweka chupa mezani. "Kwa nini, mama?"

"Akinywa kizima analia."

Nje mtu aliitwa jina mara mbili.

"Akilia," mama akaendelea, "mimi sina kazi. Na baba yake halali. Asipolala atafukuzwa. Ndiyo hivyo."

"Kule kulia," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini zaidi kuliko mwanzo, "ndiko kulikuwa kupona kwenyewe."

Alichukua karatasi ile, akakata kwa mstari, akaandika upya: kizima. Kisha akasema asante kwa kurudi, wengine hawarudi. Asante ile ilimuuma kuliko kama angetukanwa.

"Kilichopungua kitarudi, daktari?"

"Kingine kitarudi. Kutambaa, choo, joto la mwili, kimo. Lakini kichwa cha mtoto kinajengwa miaka hii miwili, mitatu ya mwanzo. Tulishachelewa mwanzoni, na sasa hii miezi mitatu. Amepoteza kiasi gani, sijui. Tutaona atakapoanza kusema. Tutaona shuleni. Sitaki kukudanganya."

Mama Kimya aliitikia kwa kichwa. Alielewa kuliko daktari alivyodhani. Kwao mafundi kosa la kushona lina dawa: unachukua wembe, unafumua, unashona tena. Kosa la kukata halina fundi. Kitambaa kikishapita mkasi, kimepita.

*

Alifika nyumbani mlinzi anafunga kamba za viatu. Alikaa pembeni ya kitanda, akamweleza yote bila kupunguza. Alitegemea matusi. Alikuwa ameshayatayarishia masikio.

Mlinzi aliendelea kufunga kiatu kile kile. Alifunga, akafungua, akafunga.

"Niliviona," akasema.

"Uliviona nini?"

"Vile vinusu. Kwenye kibati cha pini. Nilikuwa natafuta pini, kifungo cha shati la kazi kilikatika."

"Lini?"

"Zamani. Vilikuwa kama kumi hivi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini, baba watoto?"

Mlinzi akainua uso. Alikuwa mwanamume mkubwa, wa kutisha wezi. "Nilikuwa nalala vizuri," akasema.

Hawakugombana. Mtu hugombana na mwenziwe pale anapokuwa na upande wake. Mlinzi alichukua kibati, akavimwaga vipande vile mkononi, vidogo, vyeupe, sabini na kitu. Akavirudisha kimoja kimoja kama anayeogopa vitalia. Kisha akaenda kazini bila kula.

*

Kesho yake mtoto alipewa kizima, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata. Mama Kimya hakungoja afukuzwe. Siku ya kumi, mtoto alipoanza kunung'unika kikapuni, alisimama mwenyewe mbele ya meza ya kukatia.

"Tajiri, mtoto ataanza kulia."

"Amekuwa mgonjwa?"

"Anapona. Naomba unihamishie nje, pale barazani, na cherehani yangu."

"Cherehani ikae nje, vumbi lote lile? Sare mia nne natakiwa kuzikabidhi Ijumaa. Mtafutie mlezi."

"Mlezi anataka zaidi ya nusu ya ninachopata hapa."

Tajiri alivua miwani. Mpiga pasi anasema hakuwa na furaha usoni, mwenye kusema kweli aseme. "Mimi sina roho mbaya, Mama Kimya. Lakini nikikuachia wewe, kesho nina watoto kumi na mmoja humu, na shule hazitachukua sare zilizokojolewa. Chagua: mtoto au cherehani."

"Nimeshachagua," akasema. "Nilichagua vibaya mara ya kwanza."

Alikusanya mkasi wake, wembe wake, kibati chake. Akamnyanyua mtoto pamoja na kikapu. Alipofika mlangoni sauti ikamfuata.

"Kikapu ni cha karakana."

Mafundi wote waliinamisha vichwa juu ya kazi. Mama Kimya alipiga magoti, akamtoa mtoto, akakunja mabaki ya vitambaa yaliyokuwa godoro, akayarudisha kikapuni, akakisogeza kikapu mpaka chini ya cherehani yake ya zamani. Mtoto begani akaangua kilio. Alikwenda analia hivyo mpaka mwisho wa barabara, na ndani ya karakana walikuwa bado wanamsikia.

*

Mpiga pasi ndiye aliyemwombea kazi ya kushikiza vifungo kwa mkono, ya kulipwa kwa shati, ujira ambao ukiuhesabu unajionea aibu. Kila siku mbili alimpelekea mzigo akitoka kazini na kuchukua uliokwisha. Mwenye chumba aligonga ukuta mara mbili kuhusu kelele. Mlinzi alikutwa amesinzia tena. Hakufukuzwa; walimkata siku tatu za mshahara na kumhamishia geti la nyuma, kwenye mbu.

Alasiri moja karakana ilikosa umeme, mpiga pasi akatoka mapema na mzigo wake kichwani. Alipokaribia hakusikia kilio. Alisema moyoni: wameanza tena. Akasukuma mlango kwa goti.

Mama Kimya alikuwa ameegemea ukuta, shati jeupe mapajani, usingizi umemkamata katikati ya kifungo. Sindano alikuwa ameichomeka kwenye kola ya gauni lake mwenyewe, na kopo la vifungo lilikuwa juu ya kabati, mbali na mikono midogo. Mlinzi alilala sakafuni kwenye mkeka, bado na suruali ya kazi, domo wazi, akikoroma. Ncha ya gauni la mtoto ilikuwa imezungushwa kwenye vidole vyake, kama mtu aliyefunga mbuzi.

Mtoto alikuwa macho.

Alikaa kati yao, mgongo wima. Mbele yake alikuwa na kifuniko cha kopo na kijiko cha dawa. Alipiga kifuniko, akasikiliza. Akapiga tena. Baba hakuamka, mama hakuamka. Akamwona mgeni mlangoni, akamtazama muda mrefu kuliko mtoto wa umri ule anavyohitaji ili kumjua mtu. Kisha uso ukafunguka polepole. Alikuwa amemtambua.

"Bi Kimya," mpiga pasi akanong'ona.

"Da!" mtoto akajibu kwa nguvu zake zote, akakipiga kifuniko.

Mpiga pasi aliutua mzigo kizingitini, akakaa juu yake. Hakutaka kuwaamsha. Alimwangalia akipiga, akikosa, akitafuta kifuniko kwa mkono, akipiga. Jua lilihama kutoka kwenye mkeka likapanda ukutani. Mapigo yakachelewa, kijiko kikamponyoka, akakitafuta, akakipata, kikamponyoka tena. Kichwa kikaanguka upande, kikashtuka, kikaanguka. Akajilaza juu ya mkono wa baba yake, akapiga mara moja ya mwisho kwa kiganja kitupu, akalala, wa mwisho kati yao wote.